Siku nilipokimbiza kartie yote

Mji wa Baraka, Jumapili, kisha ya ibada

Mvua ilinyesha asubuhi, ikapita kwenda upande wa Ubwari, na sasa jua linakausha nguo zangu na haya yangu pamoja. Goti linaniuma. Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Ni lazima niandike habari hii ingali moto, maana Mama Aline, jirani yangu, iko anaisimulia kwenye bomba la maji, na yeye anapenda kupunguza sehemu zangu nzuri.

Mutoto wangu Wilondja ndiye alinifungulia ukurasa huu kwenye simu. Kwa hiyo atasoma. Asome.

Nianze na kujisifu, ndivyo nilivyo. Wilondja ni bingwa. Nyuma ya soko kuna nyumba ya mbao ya kijana mmoja tunayemwita Patron, ina televizyo mbili na paneli za jua juu ya bati, na vijana banacheza humo michezo ya video. Batoto banatoka Lweba, banatoka Swima, banakuja kushindwa na mutoto wangu. Mwezi uliopita alibaki wa kwanza kwa bote. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani wakati wa shukrani, jogoo chini ya kwapa, nikasema Mungu ameinua mkono wa mutoto wangu. Kwaya ikaimba. Pasta akapokea jogoo.

Mi nilifikiri ni mpira.

Hakuna mutu aliyeniambia kwamba mutoto wangu ni bingwa wa kupiga batu risasi. Nilipojua, jogoo alikuwa amekwisha kuliwa.

Nilimwita. Akasema, "Maman, si batu. Ni picha tu."

"Picha gani inalia ikianguka?"

Akacheka. Mi sikucheka. Huyu mutoto alizaliwa vita ikiwa juu ya vichwa vyetu. Nilivuka naye ziwa mpaka Kigoma kabla hajaota jino. Na tangu turudi, vita haijatusahau, inaenda milimani, inarudi. Sasa mutu kama huyo anaitafutia nini tena, kwa mapenzi yake? Nilianza kumwangalia akikula, nione kama moyo wake unakuwa mugumu.

Alikuwa anakula vizuri tu, na kuongeza.

Sasa Ijumaa.

Kartie yote, mtaa mzima, inajua kwamba Mama Wilondja anajua risasi kwa sikio. Ni mi mwenyewe niliyewaambia. Ikilia huko milimani, bamama banasimama kwenye mlango wangu: "Mama Wilondja, iko mbali?" Mi nainua kidole, nasikiliza, nasema, "Iko mbali. Mupike." Na banapika.

Siku hiyo Patron alileta bafle mpya, spika kubwa kama kabati, akaigeuza mdomo inje ili soko lisikie kwamba kwake kuna mchezo. Soko lilisikia. Mi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Risasi iliposhika kulia pale pale karibu, sikuinua kidole. Nilichukua mufuko.

Mufuko ule kila nyumba inao nyuma ya mlango: blanketi, sufuria ndogo, chumvi, vyeti vya masomo ndani ya plastiki. Nikashika batoto badogo mkono, nikatoka mbio bila kusema neno. Na hilo ndilo lililoharibu mambo. Kama ningepiga kelele, batu bangesema nagombana na mutu kama kawaida. Bakaniona nakimbia kimya.

Kartie yote ikanifuata.

Mama Aline alikimbia na sufuria ya maharagwe yanayochemka kichwani, na hakumwaga hata moja, hilo namkubalia. Pasta alikuwa na kiatu kimoja na ngoma ya kanisa. Mbuzi zilikimbia pamoja nasi na hakuna aliyeziita. Tulifika ziwani, batu banaingia mitumbwi ya bengine, bavuvi banasukuma bila kuuliza.

Hapo nikatazama batoto bangu. Wilondja hayuko.

Sehemu hii Mama Aline hasimulii, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kukaa ndani ya mtumbwi. Nilimpa badogo na mufuko, nikarudi. Barabara yote ilikuwa inanijia usoni, na mi peke yangu napanda. Kila mutu anauliza, "Unaenda wapi?" Nilibasukuma kando, nikapita.

Risasi zilikuwa zinatoka nyuma ya soko. Nilipokaribia nikasikia zinatoka ndani ya nyumba ya Patron. Nikalala chini, kwenye tope, na pagne, kitenge changu cha Ijumaa. Nikatambaa chini ya dirisha, nikasukuma mlango kwa kichwa.

"Maman," Wilondja akasema, macho hayatoki kwenye televizyo, "unatafuta nini huko chini?"

"Nakutafuta we."

"Ngoja kidogo, niko karibu kushinda."

Nilichomwambia sitakiandika. Pasta anasoma ukurasa huu.

Leo basi, kisha ya ibada, shefu wa kartie alikuja kanisani na uso wa kazi. Bamama banataka nyumba ya Patron ifungwe. Mama Aline alisimama akasema batoto banajifunza kuua humo. Mi nilitazama miguu yangu. Nusu ya moyo ilikuwa na yeye. Nusu nyingine ilisema, na bingwa wangu atakuwa bingwa wa nini?

Pasta akasema vijana nabo baseme.

Wilondja akasimama, mrefu kama baba yake. "Bamama, mi sijifunzi kuua. Pale nikipiga mutu, anaamka, ananiomba zamu. Huku kwetu nani alishaamka?"



Kisha akasimama Aline, binti ya jirani yangu. "Pale mi mwenyewe ndiye nasema ianze. Nikichoka, nazima. Ile ya kweli mulininyanyua tu na nguo ya kulala, hakuna mutu aliniuliza."

Mama yake akageuka pole pole. "Aline, na we unachezaka?"

"Nachezaka, maman. Wilondja nilishamupiga mara mingi."

Hilo sikulijua. Mutoto wangu naye akawa anaangalia bati. Tutaliongelea nyumbani.

Wa mwisho alikuwa Amisi, kijana aliyekimbia vita ya Lubondja na shangazi yake. Huyu kila siku namwona amekaa inje ya nyumba ya Patron, mgongo ukutani, anachunga simu za bengine zikiingia umeme. Nilifikiri ni kazi yake.

"Mi sitaki ifungwe," akasema. "Ila ile sauti. Ikilia, tumbo yangu inanitangulia kukimbia. Ndiyo maana nakaaka inje."

Vijana bakacheka, kisha bakaacha. Wilondja hakucheka kabisa.

"Amisi, mbona hukusema?"

"Mungecheka."

"Tungecheka," Wilondja akasema. "Halafu tungezima."

Nilikaa kwenye benchi kama mutu aliyetuliwa mzigo. Si mugumu, moyo wa huyu mutoto. Naweza kuacha kumwangalia akikula.

Lakini shefu hakutosheka. Akasema hafungi wala hafungui mpaka mutu mzima aingie mwenyewe ndani ya mchezo na amwambie ni kitu gani. Mama Aline akasema, "Tutume Mama Wilondja, yeye mwenye masikio."

Kanisa lote likacheka. Nikasema, twende.

Tukaenda bote. Bafle ilizimwa. Amisi akaingia ndani, mara ya kwanza, akakaa kando yangu. Bakanipa maneti, kile kidude cha kushika chenye vifinyo. Mchezo ni huu: batu bengi banashuka kwenye kisiwa, banapigana, anayebaki mzima wa mwisho ndiye mshindi.

"Maman, ile nyumba iko na bunduki," Wilondja akasema. "Ingia uokote."

"Nyumba hapana, maman," Amisi akasema. "Bakivamia, banaanzaka na nyumba."

"Najua, mwanangu."

Mi nilikuwa nimekwisha kuingia majani. Nikalala. Huko mbele banapigana, mi nimelala. Bakihamia upande mmoja, mi natambaa upande mwingine, karibu na maji, maana maji ni njia. Wilondja alishika kichwa. "Maman, toka upige hata mmoja, batu banatuangalia." Shefu alipanda juu ya benchi. Mama Aline aliacha kutafuna karanga. Bakapungua, bakapungua, bakabaki bawili tu, na bale bawili bakarushiana bomu bote kwa mara moja, bakafa.

Televizyo ikaandika kwamba mshindi ni mimi.

Bila risasi hata moja.

Nyumba ya Patron ilitikisika. Wilondja alinitazama kama ananiona leo. "Maman, hiyo ulijifunzia wapi?"

"Njia ya Kigoma, na we mgongoni."

Akaniondolea jani moja la kweli lililobaki kwenye kitambaa changu tangu Ijumaa, sijui kama kweli lilikuwepo ao alitafuta tu cha kufanya na mkono.

Shefu amesema nyumba inabaki wazi, sauti hapana. Bafle imepewa kanisa. Pasta aliipokea kama alivyopokea jogoo.

Jumapili ijayo nitasimama tena wakati wa shukrani. Najiuliza tu: bingwa anajitolea jogoo mwenyewe, ao mutoto ndiye anamtolea mama yake? Wilondja, umesoma.

Mufuko nimeurudisha nyuma ya mlango, na chumvi nimeongeza. Kesho, kukiwa kimya, namaliza ile sombe.