Tanzia ya Seneta Aliye Hai

Jumatatu, 5 Machi 1956

Theluji ya majimaji tangu alfajiri, ngazi za Seneti utelezi mtupu. Saa nne korido nzima inanong'ona: Seneta Maddox amefia hospitalini. Yeye na bosi wangu, Seneta Tranberg, wanatoka jimbo moja, Nebraska, na chama kimoja. Miaka kumi na minne hawajasalimiana ila mbele ya wapiga picha.

Mheshimiwa akanijia mbio, uso kashauvika msiba. "Bi Lindquist, tanzia yake ipo? Nisitanguliwe na mtu."

Ipo. Hotuba za Mheshimiwa naziandika mimi, na tanzia ninazo za wote waliovuka miaka sabini, zimepangwa kwa herufi. Hapa hotuba si lazima isomwe. Ukimkabidhi karani, kesho yake inatoka kwenye kumbukumbu rasmi kana kwamba uliitoa kwa machozi. Akaikabidhi bila kuifungua.

Jumanne, 6 Machi

Mawingu. Maddox hajafa. Aliyekufa ni Maddox mwingine, fundi bomba, wodi ya chini.

Kumbukumbu zimeshachapwa. Kurasa tatu. "Mtoto wa mnadi nyumbu, miaka ishirini na sita Seneti, hakukosa kura hata moja." (Alikosa mia nne na kumi. Nilizihesabu.) "Hakuwahi kuvunja ahadi." Na ukurasa wa tatu, Mungu anisamehe: "Bwawa lake la Mto Cutler ndiyo kazi ya busara kuliko zote nilizopata kuziona."

Mheshimiwa analipinga bwawa hilo tangu mwanzo. Mimi zaidi yake — litazamisha bonde letu, na shamba la kaka yangu Nels ndani yake. Lakini maiti lazima asifiwe kwa kitu. Nilidhani bwawa litazikwa naye.

Jumatano, 7 Machi

Jua, baridi kali. Maddox kapiga simu mwenyewe, sauti nzima. Nilikuwa kwenye laini ya pili nikiandika, kama kawaida.

"Tranberg, ndugu yangu, nimejisoma nikalia. Kumbe ulikuwa unanipenda?"

"Sana, mzee wangu."

"Basi kesho kwenye kura ya bwawa nitaletwa kwa kiti cha magurudumu. Uisome kwa mdomo wako, nisikie."

Mheshimiwa akikana, amekiri kwamba alimlilia mwenzake kwa uongo, na uchaguzi ni Novemba. Akakubali.

Akanirudishia karatasi. "Toa 'marehemu', weka 'mheshimiwa'. Mengine yaache."

"Na ukurasa wa tatu?"

"Huo ndio mzuri kuliko yote. Karibu unishawishi mimi mwenyewe."

Jioni Nels kapiga simu. Kasoma gazetini. "Dada, mjinga gani kamwandikia mzee wenu haya?"

Nikasema sijui, ofisi ina watu wengi. Tuko watatu, pamoja na Mheshimiwa.

Alhamisi, 8 Machi

Ukungu. Kura ni saa nane mchana, sasa ni saa saba na nusu. Kurasa mbili nimezichapa upya, safi. Wa tatu uko kwenye taipureta, una tarehe tu. Mheshimiwa amegonga kengele mara mbili, kisha akachungulia mwenyewe.

"Bi Lindquist, unaandika nini hapo?"

Nikasema namalizia. Kweli naandika — hapa kwenye shajara, si kule. Anangoja mlangoni, koti mkononi.

Jana, kwa kuuwaza ukurasa huo, usingizi ulinipata saa tisa na robo usiku.