Sekunde Thelathini na Nane

Kichangani, Morogoro
14 Novemba 1998

Mpendwa dada yangu Nasra,

Shikamoo dada. Umeamkaje huko Kigoma? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Shemeji Abuu na kazi zake za reli wanaendeleaje, na wajomba zangu Asia na Maneno, shule inakwenda? Sisi huku miili haijambo. Zawadi, wifi yako, anakusalimia sana, na amesema nikuambie mbegu za bamia ulizomwahidi bado anazisubiri.

Barua yako nimeipokea juzi. Dada, acha kujilaumu kwamba hukuwahi mazishi. Telegramu ilikufikia Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo baada ya adhuhuri sisi tulikuwa tumeshamzika mama. Hata ungepanda treni saa ile ile ungekuta udongo umekauka. Hilo ni la Mungu, wala si lako.

Umeniuliza jambo moja tu. Umeniuliza mara ya mwisho nilipoonana na mama alikuwaje na tulizungumza nini. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Msibani mjomba Mosi aliniuliza swali kama lako mbele ya watu wote, nikamjibu tulisalimiana vizuri na mama akanibariki. Kondo, mtoto wake, alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Akatazama chini. Dada, nilidanganya. Wewe siwezi kukudanganya.

Habari ya mashindano nilikuandikia mwezi wa nane, ila huenda barua ile haikufika. Kiwanda kilipofungwa nilikaa miezi nikitengeneza cherehani za watu hapa barazani. Siku hizi kila kitu kipo sokoni, dada, hata baiskeli za mbio za Ulaya zinateremshwa kwenye makontena na kuuzwa kama nyanya, basi nami nikajipatia moja, nyembamba mpaka Zawadi akaiita mifupa. Ndipo mhadhiri mmoja wa chuo akatangaza mashindano ya michezo mitatu, ya kwanza ya aina yake hapa kwetu. Unaogelea bwawa la Mindu, unatoka majini unapanda baiskeli mpaka Dakawa na kurudi hadi uwanjani mjini, unaiacha baiskeli hapo unakimbia kupanda mlima hadi Morningside na kushuka. Yote siku moja, bila kupumzika. Watatu wa kwanza wangepewa kazi ya kufundisha michezo. Unanijua. Kwa kazi ningeogelea mpaka Zanzibar.

Mhadhiri alituambia watu wengi hawashindwi majini wala barabarani, wanashindwa pale katikati, wanapobadilisha. Mtu anatoka majini anatafuta kiatu, anashuka kwenye baiskeli anafunga kamba, dakika zinakwisha. Maneno hayo yaliniingia. Mimi ni fundi wa mashine, dada. Miaka kumi na mbili nimeambiwa mashine ikisimama dakika moja ni hasara. Nikasema hapo sasa ndipo nitakapowapata.

Basi uani kwangu nikachora mistari kwa majivu. Hapa bwawa, hapa baiskeli, hapa raba. Raba nilizitoa kamba nikatia lastiki ya chupi ili nizivae bila kuinama, na ndani nikapaka poda ya mtoto ili mguu wenye jasho upenye. Kila alasiri nilijitumbukiza kwenye pipa, nikitoka nakimbilia baiskeli huku Kondo ameshika saa. Majirani walikuja na vigoda vyao kunicheka. Walisema kiwanda kimefungwa na akili za Hatibu zimefungwa nazo. Nilianza na dakika tatu. Nikashuka mpaka dakika moja. Ikabaki kitu kimoja kunikera, nacho ni salamu.

Maana unatujua Waluguru. Mtu wa kwetu ukikutana naye humsalimii ukaondoka. Utaulizwa za nyumbani, za watoto, za shamba, na mbuzi aliyekuwa mgonjwa mwaka juzi. Nami watu wote wa mjini wananijua. Nikamwambia Kondo siku hiyo asimame kwenye kamba ya kuzuia watazamaji na asiruhusu mtu anisemeshe. Kondo akaniuliza, "Na akija baba yangu?" Nikasema hata akija mjomba. Akaniuliza tena, "Na akija shangazi?" Yaani mama. Nikacheka, nikamwambia, "Hata akija mama, nitamsalimia nikimaliza." Nilisema kwa mdomo wangu huu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi. Bwawani wavuvi walipiga madebe kuwafukuza viboko, na sisi wengine tuliogelea kwa hofu zaidi kuliko kwa nguvu. Nilitoka wa tisa. Kubadilisha kwangu kulikuwa kama kwa uani, nikawapita wawili wakiwa bado wanatafuta soksi. Njia ya Dakawa upepo ulitupiga usoni kwenda na, amini usiamini, kurudi pia. Nilipokaribia uwanjani nilikuwa wa nne.

Pale uwanjani, mahali pangu pa kubadilishia, nilikuwa nimefunga kanga nyekundu ili niione kwa mbali. Ni ile kanga mama aliyomtunza Zawadi siku ya harusi. Mama aliitambua. Alikuwa ameteremka kutoka kijijini Kinole alfajiri kwa pikapu ya ndizi, hakumwambia mtu, akaiona kanga yake akakaa chini yake tangu asubuhi. Kondo alimweleza lile sharti langu. Mama alimjibu kwamba yeye hana maneno mengi, anataka kunipa mkono tu.

Nikafika. Nikashuka, nikatundika baiskeli, nikavua helmeti. Nikasikia, "Baba. Hatibu, baba." Dada, nilisikia. Nisiseme kelele zilikuwa nyingi, nisiseme jua lilikuwa kali. Niliijua sauti na niliuona mkono wake umepita juu ya kamba. Kichwani nilikuwa nahesabu. Nikatia miguu kwenye raba, nikanywa mafunda mawili, nikaondoka. Sikuinua hata kidole. Nyuma yangu Kondo akapiga kelele, "Thelathini na nane!" Nami nikafurahi. Ndiyo, dada, nilifurahi.

Nilimaliza wa tatu. Watu walinibeba juu juu. Waliponiweka chini nilikuwa na njaa ya kufa, Kondo akanipa furushi la magimbi ya kuchemsha nikala mawili bila kuuliza yametoka wapi. Nilipoulizia mama ndipo akaniambia ameshaondoka, maana pikapu ya mwisho ya Kinole haisubiri mtu, na magimbi yale ni yake. Aliacha na neno. Alisema, "Mwambie nimemwona. Akishapumzika aje anisalimie."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mama kwangu, dada, na hata hayo sikuyasikia kwa masikio yangu.

Hakukasirika. Kondo anaapa kwamba alikuwa akicheka, akiwaonyesha wanawake wenzake na kusema yule anayekimbia ni wa kwangu. Ingekuwa afadhali angenuna. Angenuna ningepanda mlima siku ile ile kumwomba radhi. Kwa kuwa hakununa nikajiambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi nikaitwa chuoni kuandikishwa kazi. Jumamosi ya pili miguu ilikuwa bado inauma, nami nikasema si ameniambia nipumzike kwanza? Jumanne mama akapata homa. Jumatano, tarehe ishirini na nane, akafariki kabla hawajapata gari la kumteremsha. Mjumbe aliyetumwa kunipa habari alinikuta uani nafuta ile mistari ya majivu.

Dada, naumia. Sina neno jingine. Mchana nafundisha vijana kuruka na kukimbia, nikirudi nyumbani naketi tu mpaka Zawadi aniguse bega. Yule aliyenifuata siku ile alifika dakika nne nyuma yangu. Dakika nne nzima! Nimechukua saa ile ile ya Kondo nikapima. "Shikamoo mama. Marahaba baba, hujambo?" Na kupeana mkono. Ni sekunde nane. Nilipima mara nyingi, nikisema mimi pande zote mbili, na kila mara ni nane.

Mambo mengine ni machache. Arobaini tutaisoma tarehe sita ya mwezi wa kumi na mbili, Jumapili, na safari hii una nafasi ya kufika, jitahidi. Shamba la mama la Kinole ni lako na la Asia, ndivyo ilivyo kwetu, ardhi hurithiwa na mabinti, na mjomba Mosi amelitamka mbele ya ukoo. Migomba mimi na Kondo tunaipalilia hadi uje. Ile kanga nyekundu Zawadi ameifua na kuikunja. Hataki kuivaa, anasema uje uichukue wewe.

Jumapili iliyopita nilipanda Kinole peke yangu, nikaenda makaburini. Nilisema shikamoo mama. Nikangoja, dada. Nilingoja muda mrefu sana, na sikuitazama saa.

Nisalimie shemeji Abuu, umwambie asichoke na mimi. Wabusu Asia na Maneno. Mjomba Mosi, Kondo na Zawadi wote wanakusalimu, na Kondo anaomba asihesabiwe kosa, kwa kuwa kosa si lake. Mungu amrehemu mama, naye akutunze wewe uliyebaki badala yake.

Sikuombi unisamehe kwa barua moja. Nakuomba kitu kimoja kidogo. Wewe ndiye mkubwa kwetu sasa. Nimeanza barua hii kwa shikamoo na naimaliza kwa shikamoo. Ukinijibu, hata ukiwa na hasira, hata ukikosa cha kuandika, anza na marahaba.

Shikamoo dada.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Hatibu