Stika za Matairi ya Twiga

Jumamosi, 9 Machi

Mama ameanguka tena. Tena! Na kwenye lami, si kwenye matope. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, akashika breki kumkwepa mbuzi, Twiga akateleza akalala ubavu. (Twiga ni pikipiki yake, ile ndefu ya njia mbovu. Nikikaa juu yake miguu yangu inaning'inia.) Kiwiko kimechubuka, sanduku la vifaa limebonyea. Mama anacheka. Anasema mbuzi hata hakuomba radhi.

Mimi sicheki. Tairi la nyuma limekuwa kipara, linang'aa kama utosi wa mwalimu mkuu. Mama anatengeneza majokofu ya chanjo kwenye zahanati za milimani. Kila wiki ni lami ndefu kwanza, halafu ule udongo mwekundu unaonata kama gundi. Na ofisi yake inampa nini? Kofia ya kitambaa na kalenda ya ukutani. Matairi ajitafutie mwenyewe!

Jumatatu, 11 Machi

Badala ya hesabu nimesoma habari za matairi. Yote kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza Kiingereza cha shule kimenifaa kwa jambo la nyumbani.

Meno marefu yaliyoachana ni ya matope. Kwenye lami yenye maji yanakanyaga kwa ncha tu — kama kukimbia juu ya vigae na njumu. Meno mafupi yaliyosogeleana ni nusu lami, nusu udongo. Ndiyo yetu hayo! Na yapo ya bei ya watu wa kawaida, si lazima yale ya matajiri wanaozunguka dunia wakijipiga picha.

Nikafanya mazoezi mbele ya kioo: "Mama, mimi nadhani..." Kioo kilinielewa vizuri sana.

Jioni akaja Mjomba, mdogo wake Mama. Yeye hana pikipiki. Aliwahi kuwa nayo, ikaibwa — au aliiuza, inategemea nani anasikiliza. Ana rafiki muuza matairi. "Dada, hilo niachie mimi." Nyumba hii kila kitu ni niachie mimi! Nikafungua mdomo. Mjomba akasema, "Tazameni, Bubu anataka kupiga miayo." Wakacheka. Hata Mama, kidogo.

Bubu. Ndilo jina langu kwa Mjomba tangu nikiwa chekechea.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua mchana kutwa. Mama kachelewa. Nilisikia mlio wa Twiga kabla ya mtu mwingine yeyote, nikajifanya nasoma.

Kitabu kilikuwa juu chini.

Jumamosi, 16 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Nianze mwanzo.

Dukani. Muuza matairi nimempa jina, Bwana Tabasamu. Meno yote nje, macho hayacheki. Kamkaribisha Mjomba: karibu bosi, unatafuta ya kwako? Mjomba akasema ya dada. Bwana Tabasamu akamtazama Mama — helmeti mkononi, buti zina tope la juzi — akasema, "Aah, kumbe shemeji ndiye dereva! Basi tumtafutie yenye mstari wa rangi."

MSTARI WA RANGI!

Mama akamjibu kwamba rangi huwa inachaguliwa na matope. Nilitaka kumpigia makofi.

Kwenye rafu ya chini kabisa niliiona jozi yangu. Nusu kwa nusu, ile ile niliyoisoma, imejaa vumbi tu. Ilikuwa karibu na mguu wangu, ningeweza kuigusa kwa kidole cha kiatu. Mjomba hakuinama hata. Yeye alikwisha kumbatia jozi yenye meno ya mamba. "Hili ndilo tairi la kiume!" Tairi la kiume, kwa pikipiki ya mwanamke, limechaguliwa na mtu anayetembea kwa miguu.

Mama ndiye aliyeuliza la maana: na kwenye lami je? Bwana Tabasamu akagonga ubavu wa tairi. Akasema kiwanda chenyewe kimeandika "haiwei", hii hapa, nani kasoma Kiingereza? Mjomba akanisukuma mbele: "Huyu! Shuleni kwao wanaota kwa Kiingereza."

Masikio yangu yakawaka moto. Herufi ndogo, nyeusi juu ya weusi, zikianzia pale stika ya bei inapoishia. Nikasoma: FOR HIGHWAY USE. Nikatafsiri: kwa matumizi ya barabara kuu. Na sauti ilitoka! Sauti yangu mwenyewe, dukani, mbele za watu! Mjomba akaruka: "Bubu kanena!" Bwana Tabasamu akanipa pipi kama mtoto mdogo. Nikaipokea. Hata asante nilisema.

Mama akaniinamia, akaniuliza taratibu: "Na wewe mwanangu, unaonaje?"

Yeye peke yake ndiye aliyeniuliza. Wiki nzima nimeongea na kioo nikisubiri swali hilo hilo. Nikainua mabega.

Nikainua mabega!!

Basi, yakafungwa palepale, na ukutani kuna maandishi mekundu: mali ikitoka hairudi. Njiani Mjomba anajisifu kama yeye ndiye aliyeyapika yale matairi kiwandani. Mimi nanyonya pipi. Tamu. Naichukia.

Jumapili, 17 Machi

Mshenzi! Mwizi! Muongo mkubwa!

Leo zamu yangu kumwosha Twiga. Sifongo ikapita juu ya stika ya bei, stika ikaanza kuachia, nikaivuta. Chini yake kuna neno moja.

NOT.

NOT FOR HIGHWAY USE. SI kwa matumizi ya barabara kuu. Nikakimbilia tairi la mbele. Stika mahali pale pale, imenyooka vile vile. Nikaibandua. NOT! Stika moja ningesema bahati mbaya. Mbili? Huyo kazi yake ni kubandika stika! Asubuhi anafungua duka, anakunywa chai, anaficha NOT.

Na mimi ndiye niliyemsomea. Kwa sauti. Wote wakaamini kwa sababu nimesoma mimi, anayeota kwa Kiingereza. Stika ilikuwa usoni pangu na sikujiuliza sentensi gani inaanza pembeni ya stika.

Mjomba alikuja mchana. Nikamvuta nyuma ya nyumba, nikamwonyesha. Nilinong'ona, lakini nilisema yote: njumu, vigae, lami yenye maji, kila kitu. Akainama, akatazama muda mrefu. Nikadhani ataruka, atakwenda kumkaba koo rafiki yake.

Akasema viwanda vinaandika hivyo visije vikashtakiwa. Akasema nisimtie dada yake hofu, ana safari. Nilipokataa kuondoka akanitazama vingine kabisa, bila utani: "Kwani dukani alisoma nani? Si wewe?"

Nikanyamaza. Kwa ububu wangu wa kawaida, kama anavyopenda.

Kumbe anaogopa! Anaogopa kumwambia Mama kwamba rafiki yake kamuuzia ajali, na anataka uoga wake nimbebee mimi. Mtu mzima mwenye ndevu!

Mama alipita na beseni la nguo, akampapasa Twiga mgongoni. "Amependeza, eh? Sasa nitaendesha bila wasiwasi."

Bila wasiwasi, kasema.

Jumatatu, 18 Machi

Haraka haraka. Nimejifungia bafuni na daftari hili, na ufunguo wa Twiga.

Wamempigia Mama alfajiri. Jokofu la zahanati ya mbali limezima, chanjo wameziweka kwenye boksi la barafu, na barafu haimsubiri mtu. Lazima aende, najua. Watoto wa huko nao wana mama zao. Lakini mvua inapiga bati juu ya kichwa changu, na lami yote kuanzia hapa hadi kwenye kona ya udongo ni maji matupu.

Lori la ofisi yake linapita barabarani kila Jumatatu. Angeweza kulidandia. Mtu amwambie tu! Mtu mmoja tu, mwenye mdomo!

Mjomba yuko uani na mwavuli, kaja kumuaga dada yake. Anapiga mluzi. Mluzi!

Mama anauliza kila chumba: nani kaona ufunguo? Mjomba anamjibu kutoka nje, "Muulize Bubu! Ila jibu atakuletea keshokutwa." Anacheka peke yake.

Stika zote mbili nimezibandika kiganjani. Zimelegea, bado zinanata kidogo.

Mama amegonga. "Mwanangu, uko humo? Umeuona ufunguo?"

Sijajibu. Sasa ataondoka, atatafuta ule wa akiba kwenye kabati.

Hajaondoka. Naziona buti zake chini ya mlango. Amezifunga kamba vizuri, mafundo mawili mawili.

Nimesema, "Mama, usiende na Twiga." Si kwa mnong'ono. Imegonga kwenye vigae vya bafu ikarudi, na mluzi kule uani umekatika.

"Kwa nini?" anauliza Mama. Na Mjomba, haraka, yuko ndani tayari: "Dada, mwache, huyo anaogopa mvua tu."

"Sijakuuliza wewe," Mama amemwambia.

Buti bado ziko palepale. Naweka kalamu, nafungua mlango.