Bunduki ya Baba Imepata Kitako Kipya

Rendalen, tarehe 27 Oktoba 2024

Kaka yangu Steinar,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Wenche, na kwamba nyonga yako imeanza kupatana na ngazi za nyumba yenu. Mimi ni mzima. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, ikayeyuka kabla ya saa sita mchana. Viazi vimeshaingia ghalani, vichache kuliko mwaka jana, lakini havina ugonjwa. Kiwandani bado nanoa misumeno. Wamesema nitaendelea mpaka nichoke mwenyewe, na bado sijachoka.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeijaribu mara mbili, mwezi wa nane na mwezi huu, na mara zote nilipotaja bunduki ya baba uliniuliza kama mvua imenyesha. Sikulaumu. Barua ina uzuri wake: ukichoka nayo unaweza kuiweka mezani ukaenda kunywa kahawa, na ukirudi itakuwa bado inasema lilelile.

Siku tuliyomzika baba, watu walipokuwa wanakula keki na kusifu urefu wa maisha yake, uliniambia jikoni, "Ile Kragi chukua wewe. Mimi hata kuiona sitaki." Basi niliichukua bunduki ile. Polisi walinipa kibali mwezi wa sita, baada ya karatasi nyingi. Nilipoitoa kabatini ilikuwa imepakwa mafuta vizuri, maana baba aliisafisha kila mwaka ingawa hakuifyatua tena tangu vuli ya mwaka 1983. Bado ni ileile aliyoinunua babu jeshini na kuipunguza mbao za mbele. Komeo lake ukilivuta linateleza kama droo iliyopakwa nta, na kile kimlango cha risasi ubavuni kinafunguka bila kulalamika. Ina umri wa miaka mia moja na kumi na minane. Tatizo lilikuwa moja tu: haikunifaa. Kitako chake kilipimwa kwa mkono wa babu, naye alikuwa mrefu kama mlango wa zizi.

Kolbjørn alisikia habari kabla sijamwambia mtu. Unamkumbuka, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Sasa ndiye kiongozi wa kikosi chetu cha uwindaji, na uzeeni amekuwa mkusanyaji. Ana bunduki kumi na tisa za zamani kwenye kabati la chuma, na anazitembelea kila Jumapili kama watu wengine wanavyotembelea makaburi. Alikuja na jibini la kahawia mkononi, akakaa, akaniambia kwamba bunduki ya namna ile haipaswi kukatwa tena. Babu alikwisha kuijeruhi, sasa wakati umefika ipone. Alikuwa amepata kitako halisi cha kijeshi huko Sweden, na alikuwa tayari kuinunua na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Nilimwambia nataka kuibadilisha niwinde nayo. Akaweka kikombe chini.

"Wewe Torunn, unataka kumvalisha jenerali gauni," alisema.

Nilimjibu kwamba jenerali amekaa kabatini miaka arobaini na moja akila mafuta ya bure, sasa atoke afanye kazi. Alicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. Wakati wa kuondoka aliniambia kwamba baba angelia. Sidhani kama baba angelia. Wewe na mimi hatukumwona akilia hata kwenye mazishi ya mama.

Nikaipeleka kwa Ingebrigt, fundi bunduki wa kule juu karibu na Tynset. Ni mtu wa maneno machache. Alinisimamisha katikati ya karakana, akanipa fimbo, akaniamuru nifumbe macho na kuiinua begani kama nataka kufyatua. Mara tatu. Kisha akanipima kutoka kiwiko hadi kidole, akaandika namba ukutani kwa penseli, akasema kitako cha babu kimenizidi sentimita tatu na nusu. Alinitolea vipande vitatu vya mbao za mjozi vilivyokauka ghalani kwake miaka kumi na minne, akaniacha nichague. Nilichukua kile chenye mistari myeusi michache. Aliniuliza kwa nini sikuchukua kile cha marembo mengi. Nilimwambia kile kinaonekana kama kochi la mtu mwingine. Hapo alitabasamu, na tangu siku hiyo aliniruhusu kukaa karakanani kila Jumamosi.

Ungependa kuona anavyofanya kazi, maana wewe nawe una mikono ya kutengeneza boti. Anapaka chuma masizi, anakikandamiza ndani ya mbao, anakitoa, kisha anakwangua kila palipobaki weusi. Kidogo tu, unga wa mbao unaotosha kujaza ukucha. Anarudia. Nilihesabu mara tisini nikaacha. Mwishowe chuma na mbao vinakaa pamoja kama vimezaliwa hivyo, na ukitingisha hakuna kinacholia. Alinyoosha pia kifyatulio, akanifungia darubini ndogo pembeni ili kile kimlango kiendelee kufunguka. Kitako cha babu nimekihifadhi, sijakitupa.

Lakini kabla ya yote hayo, siku ya kwanza kabisa, alitaka kujua bunduki inapiga wapi ilivyo. Aliifunga kwenye meza yake ya majaribio, akafyatua mara tano kwenye karatasi iliyowekwa mita mia moja. Matundu yote matano yangefunikwa na sarafu kubwa. Ila hayakuwa katikati. Yalikuwa kushoto, upana wa kiganja na nusu. Ingebrigt akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akakitazama kilengeo cha mbele, kile kijino cha ncha ya mtutu. Akanionyesha. Kilikuwa kimekaa kulia kwa zaidi ya milimita moja, na ubavuni kulikuwa na alama ya kugongwa.

"Hii ilianguka siku moja," alisema. "Na aliyeirudisha hakuwa fundi."

Akaniuliza kama baba aliwahi kulalamika kwamba inakosea. Nilisema hapana. Akasema ajabu, maana kwa mnyama aliyesimama mita tisini mtu angeweza kulenga kifua bila kosa lolote akapiga tumbo. Niliiomba ile karatasi, akanipa. Nimeiambatanisha na barua hii.

Mtihani wa shabaha niliupita mwezi wa tisa kwa risasi tano, bila kurudia. Msimu ulipofunguliwa tulikuwa watu wanane. Siku ya pili asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha juu ya kinamasi, pale ambapo baba alinisimamisha mara ya kwanza nilipokuwa na miaka kumi na sita, na ndipo ninaposimama hadi leo. Mbwa walibweka upande wa mashariki. Baadaye kidogo elgi dume mchanga, mnyama mkubwa kama farasi, akatoka kwenye misonobari, akitembea taratibu na miguu yake mirefu kama ngazi, akasimama. Nilifyatua mara moja. Alikwenda hatua ishirini, akalala. Bunduki ilinikaa begani kama mkono wa mtu ninayemfahamu. Hilo ndilo ningeweza kusema kuhusu siku hiyo, kama lingeishia hapo.

Mchana tulikusanyika motoni. Birika jeusi la kahawa lilikuwa linachemka na soseji zilikuwa kwenye vijiti. Kikosini tuna mgeni, Silje, daktari wa mifugo, aliyehamia hapa mwaka jana. Asubuhi ile alikuwa amefyatua akakosa kabisa, hata unywele haukudondoka, wala hakuna aliyemlaumu. Lakini alipokaa alicheka akasema, "Basi leo nimepiga Kisteinar."

Wote wakacheka. Nilimuuliza kama anajua Steinar ni nani. Akasema, "Kumbe ni mtu? Mimi nilidhani ni neno la huku kwenu tu."

Sijui kama ulikuwa unajua hilo, kaka. Nasikitika kulileta mimi. Limesemwa katika kikosi hiki kila vuli tangu ulipoondoka. Mtu akikosa, amepiga Kisteinar. Mtu akijeruhi, amefanya Usteinar. Baba hakulianzisha, lakini hakulikataza. Na mimi nimekuwa nikicheka pamoja nao.

Hapo motoni nilisema jambo ambalo wewe ulistahili kulisikia kwanza. Sasa naliandika kama nilivyolisema.

Ijumaa ile ya mwaka 1983, siku moja kabla ya uwindaji wako wa kwanza, wewe na baba mlikwenda kukagua vituo, mkaniacha kibandani niwashe moto. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimekatazwa kuigusa Kragi. Niliitoa ukutani, nikatoka nayo nje, nikalenga kisiki, kisha ndege, kisha kisiki tena, nikijiambia kwamba ningekuwa mwanamume ningepewa mimi. Iliponitoka mkononi iliangukia jiwe la mlangoni, kwa ncha ya mtutu. Kilengeo kiliinamia upande. Nilichukua shoka, nikakigonga kwa kisogo chake mpaka jicho langu likaona kimenyooka. Nikapaka mafuta mahali palipochubuka, nikaitundika, nikawasha moto. Mliporudi baba aliuliza kama kuna aliyeigusa. Nilisema hapana.

Kesho yake ulisimama mita tisini kutoka kwa elgi dume. Wiki tatu kabla ulikuwa umepita mtihani kwa bunduki hiyohiyo, risasi zote tano kifuani. Ulilenga kifua, na risasi ikaingia tumboni. Mlimfuata siku mbili, mkamkuta amekufa mwenyewe ndani ya maji. Jioni ile baba alisema mezani, mama akiwepo, kwamba bunduki ile haijawahi kukosea, mikono ndiyo hutetemeka, na mtu ambaye mikono yake hutetemeka hana kazi msituni. Uliniangalia. Sijui kama ulinishuku au ulitaka tu mtu mmoja akuangalie. Mimi nilitazama sahani yangu. Baada ya Krismasi ulishuka pwani, na hukurudi isipokuwa kwa mazishi.

Uoga wa mtoto unaeleweka, na ningeweza kuishia hapo nikajihurumia. Lakini kuna sehemu ya pili. Mwaka uliofuata kikosi kilikuwa na nafasi moja wazi, yako, na baba akanipa mimi. Nilifurahi. Kila mwaka niliokaa kimya, nafasi ile ilizidi kuwa yangu, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kusema. Nimesimama kwenye kituo kile vuli arobaini na moja. Nilipoamua kuibadilisha bunduki, nadhani nilitaka pia kile kilengeo kiondoke, kisiwepo tena cha kuonekana. Ingebrigt akakiona siku ya kwanza.

Nilipomaliza, Silje alisimama akaenda kuwatazama mbwa, ingawa mbwa hawakuhitaji kutazamwa. Kolbjørn alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Na wewe ulikuwa unacheka na sisi," alisema.

Nilimwambia ndiyo.

"Miaka yote hiyo?"

Nikasema miaka yote.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alimimina kahawa yake iliyobaki kwenye majani, akasema neno lile halitasemwa tena kwenye moto wake, na atakayelisema ataenda kuwinda sungura na shangazi zake. Halafu tulirudi kazini, maana nyama ilikuwa inasubiri kuchunwa. Wakati tunavuta kamba ya kumwinua elgi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nikikuandikia nikwambie hivi: yeye alikuwepo siku ya pili ya kufuata damu, na aliyekuwa mbele kwenye kinamasi, maji yakimfika kiunoni, ulikuwa wewe. Wengine walikuwa wanataka kurudi nyumbani. Hakuna aliyelisema hilo mbele ya baba, na yeye pia hakulisema. Anaomba ulijue.

Sikuandiki ili unisamehe. Umri wetu hauna tena nafasi ya kuombana mambo makubwa kwa haraka. Nimewaambia pia kwamba mwakani sitasimama kituo kile. Kolbjørn anasema kitabaki wazi, na kwamba mtu anaweza kuwinda hata kwa nyonga mbovu akipewa kigoda. Usipokuja, hakuna atakayeuliza kwa nini.

Baba alikufa akiamini bunduki haikosei. Sikupata ujasiri wa kumwambia, hata mwezi wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kuinuka kunifokea. Kwa hiyo limebaki kwako peke yako, na ninakuandikia kwa maneno machache yasiyo na pambo: ulilenga sawa, kaka. Mikono yako haikutetemeka.

Wenche msalimie sana, na mwambie sufu ya kondoo aliyoiagiza nitaituma wiki ijayo kwa basi. Dirisha la chumba chako cha zamani nimelibadilisha, lile la zamani lilikuwa linapitisha upepo. Jihadhari na ngazi.

Ni mimi mdogo wako,

Torunn