Maneno ya Kaka Des kwa Alan Lumb

14 Garnet Street,
Hagthorpe, Yorkshire.
9 Machi 1986

Mpendwa mdogo wangu Keith,

Habari za huko Queensland, Australia? Mu wazima wewe, Brenda na watoto? Sisi tunapumua. Kifua cha baba kinambana kwa baridi hii, na theluji bado imelala uani. Nilichelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu, mkono ulikuwa mzito.

Ni habari za kaka Des. Sitaki uzisikie kwa watu.

Unajua raga ndiyo iliyomtoa mgodini. Miaka kumi na mmoja alicheza mstari wa mbele, akavunjwa pua mara nne, na magoti yalipokwisha klabu ikampa ukocha. Mji mzima ulimwita Mfalme Des. Hata wanaotudharau walimwachia kiti kwenye baa.

Januari, walipocheza na timu ya mji jirani, mchezaji wake Alan Lumb alipigwa goti kichwani, akazimia. Unamkumbuka, yule mwekundu wa nywele, mtoto wa Hilda wa kiwanda cha sufi. Wakambeba hadi chumba cha kubadilishia nguo, wakamkamulia sponji ya maji baridi. Alipozinduka aliuliza mara mbili wanacheza na nani.

Des akamwambia, "Mimi nilimaliza mechi na taya limevunjika. Wewe kichwa kinakuuma tu, unataka mama aje?"

Wenzake wakacheka. Alan naye akacheka, akafunga kamba za viatu, akarudi uwanjani. Alianguka tena dakika kumi baadaye bila kuguswa na mtu. Jumatatu iliyofuata akafariki.

Kabla ya mahakama kuchunguza kifo hicho, mwenyekiti wa klabu alikuja hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyemmiminia chai.

"Sema aliomba mwenyewe kurudi, Des. Nani atakupinga? Wachezaji wote wako nasi."

Des alitazama kikombe mpaka chai ikapoa.

Siku ya siku akasimama mbele ya hakimu, akayasema maneno yale yale aliyomwambia Alan, hata lile la mama. Hilda alikuwa safu ya mbele. Keith, nilitamani sakafu inimeze.

Klabu imemfukuza. Nusu ya mji haimsalimii kwa sababu ya Alan, nusu nyingine kwa sababu eti ameisaliti klabu. Mtu ametutemea mate mlangoni.

Mwezi uliopita alikwenda kwa Hilda. Nilimsindikiza, nikidhani atafukuzwa kama mbwa. Hilda alisimama kizingitini, akauliza, "Ulipomwambia vile, kweli alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Ingia. Nieleze alivyocheka."

Tangu hapo kila Alhamisi Hilda humwita, na kila Alhamisi humtaka aeleze tena. Des hurudi amepauka, halafu hali chakula. Nimemsihi aache. Amenijibu kwamba Hilda ndiye atakayesema basi, si yeye.

Mwandikie, ndugu yangu. Mweleze mvua zenu, miwa yenu, lolote. Ila usimwambie kwamba halikuwa kosa lake. Wote waliomwambia hivyo hataki tena kuwaona.

Baba anakusalimu, na shangazi Winnie pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko, atukumbuke na sisi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote,
Nora