Nani Aliwaambia Mngoje?

Mukami mjukuu wangu,

Huku Siakago tuko salama. Mbuzi wawili wamezaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Sasa, hii barua yako. Yaani uko chuo cha muziki huko Nairobi, halafu unaniuliza mimi polifonia ni nini? Haya, sikiza.

Nikiwa mwalimu kijana, kwaya yetu ya walimu ilipewa wimbo wa Renesansi, wa Ulaya ya karne ya kumi na sita, tuuimbe mashindanoni Embu. Renesansi ni kabla ya Baroki, usichanganye tena! Sauti ni nne, kila moja ina tuni yake na inaingia kwa wakati wake, na hakuna iliyo kubwa kuliko nyingine. Polifonia ndiyo hiyo.

Sisi wa alto, wanawake wa sauti ya chini, tulianza vizuri. Mara tukasikia wanaume wa besi ndio kwanza wanaanza, basi tukanyamaza tuwangoje, kama unavyongoja wageni wanawe mikono ndipo mle. Mwalimu wa kwaya akatupa chaki chini.

"Nani aliwaambia mngoje?"

"Tutawaachaje nyuma, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Hawako nyuma, madam! Hapo ndipo wimbo wao unapoanzia!"

Tulichukua muda kuzoea utovu huo wa adabu. Lakini Embu hatukumngoja mtu, na kwenye Amina ya mwisho tulifika wote pamoja.

Halafu huku chini ya barua unaniambia eti wenzako wote wamehitimu, wewe unarudia mwaka, na unaona haya kuja nyumbani Krismasi.

Mukami, hebu soma tena hapo juu. Kisha upande gari uje.

Nyanya yako wa alto