Streti Juu ya Flashi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeandikisha jina! Miaka tisa napiga pasi vizibao vya wagawaji karata wa kasino hii – sasa nataka kuvaa kimoja. Wenzangu wa chumba cha kufulia wamecheka mpaka machozi. Eti dobi akagawe karata. Sawa. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mkufunzi, ambaye kila mtu anamwita Kamusi, kasema mikono yangu ni myepesi, lakini mikono si kitu kama kichwa hakijui kipi kinashinda kipi.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika orodha ya karata tano jikoni. Chini kabisa, karata kubwa peke yake – mnyonge. Jozi. Jozi mbili. Tatu za namba ileile. Kisha streti: tano zinazofuatana kama ngazi. Juu yake flashi: zote za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu. Nimeishia hapo, juu bado kuna ful hausi, yaani tatu na jozi pamoja, na ndugu zake.

Mama mkwe kaiona. Kasema tangu aolewe, karata haijawahi kuingia nyumba hii. Nikamwambia, mama, mimi sichezi, nagawa tu. Akasema anayeshika miguu ya mbuzi naye kachinja.

Sijaibandua.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu ananiuliza maswali huku anashona soli za watu. Flashi na tatu za namba ileile, ipi kubwa? Nikasita. Sauti ikatoka chumbani: “Flashi! Hata hilo?”

Mama mkwe! Akajitetea: karatasi ipo mbele yake kila akichemsha chai, afumbe macho aungue?

Jumatano, 12 Machi

Leo kichwa kimepasuka. Kamusi kasema meza inayohitaji mtu ni ya karata tatu. Mchezaji anapewa tatu, mgawaji tatu, wanashindana. Na huko streti inaishinda flashi! Kinyume kabisa! Nikadhani ananitania. Hapana. Kilicho adimu ndicho kinachopanda cheo, na kwa karata tatu, streti ni adimu zaidi.

Sikutaka kuamini tu. Nimerudi nyumbani, nimegawa mara mia mbili, mama mkwe akiweka alama kwenye daftari (kwa hasira, lakini aliweka). Flashi kumi. Streti sita.

Sasa siamini – najua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefaulu!!

Jumanne, 18 Machi

Meza ya kweli, zamu ya mchana. Kizibao kinanibana kwapani. Wiki mbili za majaribio, na kosa moja la malipo linanirudisha kwenye pasi. Leo hakuna kosa. Mgongo lakini!

Alhamisi, 20 Machi

Saa tisa alasiri. Nipo chumba cha mapumziko, nimetolewa mezani.

Niandike kama ilivyokuwa. Mteja mmoja mkubwa, yule wa miwani ya dhahabu, alikuwa na kopa tatu. Flashi. Mimi saba, nane, tisa, za aina mchanganyiko. Streti. Nikavuta chipu za dau lake. Akapiga meza – flashi ndiyo kubwa, dunia nzima inajua!

Msimamizi akaja. Huyu kahamia kwetu jana tu, kutoka meza za karata tano. Akamtazama mteja kwanza, karata baadaye.

“Mlipe.”

“Bosi, hii ni meza ya karata tatu.”

“Mlipe, mama.”

Mikono haikwenda. Nikasema naomba aitwe meneja. Akalipa yeye, kwa mkono wake, mbele yangu, akanituma huku nisubiri.

Nimesubiri robo saa nzima.

Sasa hivi msimamizi kaingia. Mpole kweli kweli. Nadhani kishafungua kitabu cha sheria. Kaniletea fomu ya maelezo. Anaomba niandike kwamba aliniuliza, nami nikamjibu flashi ndiyo kubwa. Kamera zinaona, hazisikii. Mimi mgeni, eti nitasamehewa. Yeye ana miaka kumi na mmoja hapa, na watoto wanasoma.

Nikamwambia na mimi nina miaka tisa.

“Kwenye pasi,” akasema.

“Hapa hapa,” nikasema.

Kaketi kiti cha pili, anasugua magoti. Namwonea huruma, sidanganyi. Ningekuwa yeye ningeogopa vilevile. Lakini kosa lake silivai.

Meneja anapanda ngazi, namsikia. Fomu ina mistari minane. Nimeomba kalamu yake, maana hii yangu inakata wino, na kanipa bila kuniangalia. Nimeshaandika mstari wa kwanza: Kwenye meza ya karata tatu, streti iko juu ya flashi.